Jua Haingojangi Bi Harusi

Enda Arboretum Jumamosi yoyote ya Desemba, saa saba mchana, usimame tu hapo kwa geti ucheki. Mandai zimepangwa laini, riboni kwa boneti. Mameidi wanatembea na ndula mkononi juu visigino zinazama kwa nyasi. Bwana harusi amefinya macho. Bi harusi amefanyiwa mekapu ya mangiri na imeanza kuteremka, na beshte yake amemshikia mwavuli hadi ile dakika kameraman anasema, "Toa hiyo." Picha inapigwa. Sasa ingoja wiki mbili zipite, albamu ikuje. Macho za wasee zimekuwa mashimo, pua imeangusha kivuli hadi kwa mdomo, paji la uso linawaka, na gauni imekuwa karatasi nyeupe. Ile lesi fundi alikesha akishona haionekani hata kidogo.

Hapo ndio lawama inaanza. Utaskia "kamera ya huyo msee ni takataka," utaskia "tungechukua yule mwingine wa IG." Maze, wacheni kamera ya watu. Kamera ya doo mob na simu ya kawaida zikisimama kwa jua ya saa saba zinaona kitu moja. Mambo iliharibikia kwa kamati, miezi kadhaa nyuma, wakati mtu aliandika kwa programu: "Saa saba hadi saa nane, picha." Kila mtu akaitikia, wakaenda kwa bajeti ya keki. Hakuna mtu aliuliza saa hiyo jua itakuwa wapi.

Risto yangu leo ni hiyo tu. Picha poa za harusi, zile za nje, zenye watu wanakaa wenyewe bila maigizo, zinapangwa kwa saa kabla zipigwe na kamera. Ukishika saa, hata kamera ya kukopa itakubeba.

Jua ya hapa ina tabia zake

Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Hiyo inamaanisha mwaka mzima, ikifika saa sita na nusu mchana, jua iko karibu na utosi. Mwezi wa tatu na wa tisa inakaa utosini kabisa, unasimama hapo na kivuli yako yote iko chini ya ndula. Nuru ikikushukia kutoka juu hivyo, nyusi zinafunika macho na mashavu zinafunika kidevu. Hata uwe msupa wa kusimamisha mat, utatoka ukikaa umechoka.

Jioni nayo iko na noma yake. Hapa jua inashuka wima, haina muda wa kuaga. Msee wa London mwezi wa sita anaona jua ikizama saa tatu usiku na kitu, na inashuka ikienda kando kando, so ile nuru laini inamkalia kwa muda. Zile video za mafunzo wengi wetu tunacheki YouTube zimetengenezwa na wasee wa huko. Wakibonga juu ya saa ya dhahabu, ya kwao inaweza pita saa nzima. Yetu ni dakika arobaini, ukibahatika. Jua ya Nairobi inazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, Januari hadi Desemba, haibadilikangi sana. Inageuka digrii kumi na tano kila saa, na juu inashuka wima, hizo digrii zote zinaishia chini. Ukienda kutafuta shada lililosahaulika kwa ndai, ukirudi unapata imeenda. Baada ya hapo kuna kama dakika ishirini za anga ya buluu, alafu giza.

Kuna watu watakushow asubuhi pia ni tamu, na ni ukweli. Shida ni moja: saa moja asubuhi bi harusi yuko kwa kiti, nywele nusu, akiuliza nani ameona pete.

Alafu kuna zawadi yenye watu huitusi: baridi ya Julai. Wiki mzima mawingu yamefunga, kila mtu amevaa jaketi, mathe ya bi harusi anaomba Mungu afungue jua. Mimi naomba asifungue. Mawingu hiyo inatawanya nuru hadi haina upande, unaweza piga saa saba mchana uso ikatoka safi, macho ziko, lesi iko. Kama unaweza chagua tarehe na unapenda picha kuliko kuota jua, usidharau Juni hadi Agosti. Ubaya tu ni mabega za bi harusi kutetemeka, so beba leso ya kumfunika kati ya picha na picha.

Ingia kwa kamati

Wasee wengi wa picha wanangoja kuitwa siku ya harusi. Makosa. Omba nafasi ya kubonga na kamati mara moja tu, hata kama ni kwa simu, na usiende kuwafunza mambo ya lenzi. Enda na swali moja: "Hapo saa kumi na mbili kasorobo jioni, bi harusi na bwana watakuwa wanafanya nini?" Kawaida jibu ni kwamba watakuwa wamekaa kwa meza ya mbele wakiskiza hotuba ya mzee wa nne. Hapo ndio unaingilia.

Fomu yenye inafanya ni hii. Ibada ikiisha saa saba, picha za familia zinapigwa hapo hapo kwa kanisa, upande wa ukuta wenye una kivuli. Mtu mmoja kutoka kila familia anashika orodha ya majina na kuita watu kwa sauti, juu wewe hujui nani ni tata na nani ni jirani amejipenyeza. Watu wadishi. Hotuba ziende, keki ikatwe kwa saa kumi hivi, zawadi zianze. Wageni wakipanga laini na mablangeti na masufuria, unatoa hao wawili kwa nusu saa tu. Wao wawili. Mameidi wanabaki, mbogi ya bwana inabaki, na yule anko mwenye huwa anasema "sasa shikana kiuno" pia abaki.

Utaambiwa harusi zote huchelewa, na ni kweli. Ndio maana unaweka hiyo nusu saa mwisho wa mchana badala ya mwanzo. Harusi ikichelewa na masaa mawili, picha za saa saba zinasukumwa saa tisa, bado jua ni kali na watu wana njaa. Za jioni zikikaribia kuliwa, unaenda kwa MC na unamnong'onezea. MC ndio mtu wa maana kuliko wote hapo nje. Mnunulie soda mapema. Yeye ndio anaweza ambia mzee, kwa heshima yote, "Baba, tuombe radhi kidogo, maharusi wanarudi."

Kivuli ni studio ya bure

Na saa zingine kamati itakataa. Bwana harusi ako na ndege ya Mombasa, ama uwanja umelipiwa hadi saa kumi. Sasa itabidi umepiga mchana, na hapo ndio kazi inajulikana.

Kwanza, tumia mkono yako. Nyoosha kiganja mbele ya uso yako, geuka polepole mduara mzima, ukicheki vivuli kwa vidole na kwa mistari ya kiganja. Kuna upande vivuli zinakuwa kali zimekatwa kama na wembe, na kuna upande zinayeyuka. Penye zinayeyuka ndio unasimamisha msee. Watu watakuona ukizunguka na mkono juu na watafikiria umelewa. Wacha wafikirie.

Kivuli nzuri ni ile ya ukingo: chini ya baraza, mlangoni mwa tenti, upande wa jengo, hatua moja tu ndani, uso ukitazama nje kwenye kuna anga wazi. Nuru inaingia kwa macho kutoka mbele na hakuna kitu inaichoma kutoka juu. Ukiingia ndani sana, uso inazima. Ukitoka kidogo, jua inakukata pua. Hiyo hatua moja ndio kila kitu.

Kivuli mbaya ni ile ya mti wenye majani haba. Jua inapita kwa mapengo, bi harusi anatoka na madoa usoni kama chui, na hakuna kuediti kutaondoa hizo. Jakaranda ya Oktoba ni tamu kwa macho na noma kwa uso, so tumia maua yake kama pazia ya nyuma, simamisha watu mbele, pembeni ya kivuli.

Pia cheki chini. Ardhi inarusha nuru. Nyasi ya Arboretum inarushia kidevu rangi ya kijani na gauni nyeupe inaikunywa yote. Murram ya ushago inarusha nuru ya joto, inabamba sana kwa ngozi yetu, vumbi tu ndio utapigana nayo. Ukuta nyeupe ya kanisa ni baraka: simamisha wao wakiiangalia na jua ikiipiga hiyo ukuta, utapata nuru laini mchana kweupe. Kama hakuna ukuta, shuka nyeupe ama kile kipande kikubwa cha foili ya kufungia keki inashikwa na mtoi mmoja, inafanya jobo.

Na kama hakuna kivuli popote, geuza wao wape jua mgongo. Nywele zitapata mstari wa nuru, uso zitakuwa kwa kivuli yao wenyewe, na wataweza kufungua macho. Hapo sasa lazima ujue kupima uso.

Ngozi nyeusi, gauni nyeupe, suti nyeusi

Hii ndio hesabu ngumu ya harusi zetu. Kamera, ukiiwacha ijiamulie, inataka kila kitu ikuwe kijivu ya katikati. Ikiona gauni kubwa nyeupe inafikiria nuru imezidi, inapunguza, na uso ya bi harusi inazama gizani. Ikiona suti nyeusi inaongeza, na paji la uso la bwana linawaka. Suluhu ni kupima uso, si nguo. Kwa kamera, tumia kipimo cha doa moja na uelekeze shavuni. Kwa simu, gusa uso kwa skrini, shikilia hadi ijifunge, alafu sukuma kile kijua kidogo juu ama chini hadi ngozi ikae venye unaiona na macho yako. Kama lesi ya gauni imeanza kupotea, shusha kidogo. Piga kwa RAW kama mashine inakubali, juu hapo utakuwa na nafasi ya kurudisha vyote viwili.

Hii shida haikuanza na sisi. Kitambo, maduka za kuosha filamu zilikuwa zinapima rangi na kadi za Kodak zenye picha ya dem mzungu, wasee wa kazi wakaziita Shirley. Ngozi yake ndio ilikuwa kipimo ya ulimwengu mzima. Watu weusi walikuwa wanatoka wakiwa macho na meno tu. Makampuni za chokoleti na za fanicha zilichangia kusukuma hiyo maneno, juu bidhaa zao za kahawia zilikuwa zinatoka vibaya kwa matangazo. Ni miaka ya 1990 ndio Kodak ilitoa kadi zenye watu wa rangi tofauti.

Mashine za siku hizi zimejaribu kujirekebisha, lakini tabia ingine imebaki kwa wasee wa kuediti. Unapata bi harusi ni rangi ya kahawa, anarudishiwa albamu akiwa rangi ya chai ya maziwa. Shangazi hamtambui. Ukisema wewe unapiga picha za ukweli, anza na hiyo: wacha mtu na rangi yake. Toa chunusi ya jana, hiyo itaisha yenyewe. Alama aliyozaliwa nayo, mistari ya kucheka, kovu ya utotoni kwa nyusi, achana nazo kabisa.

Jasho nayo haieditiki vizuri. Beba tisho, pangusa kwa kubonyeza, usisugue. Na mwambie msee wa mekapu mapema kwamba mtakuwa nje, juu poda nyingi nyeupe kwa shingo na uso hazifanani kwa jua.

Kujiachilia kuna kazi

Watu wanadhani picha ya kujiachilia ni kujificha nyuma ya maua na lenzi ndefu ukivizia mtu akitafuna kuku. Sare hiyo. Hiyo ni upelelezi. Picha ya ukweli inatoka kwa kujua kitu itatokea wapi, na kufika hapo kabla yake.

Chukua ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Wageni wanafika kwa geti, wamama wa ndani wamefunga, wa nje wanaimba waingie, kuna bei inaitishwa na kuna kelele tamu. Kila kameraman anasimama nje na wageni juu alikuja nao kwa gari. Pita kwa uchochoro, ingia ndani, piga kutoka upande wa wenye wamefunga. Hapo unapata uso za wamama mbele, zimejaa kiburi na kicheko, na mikono za wageni zimeshika vyuma za geti.

Baadaye kunakuja ile sehemu wasichana kadhaa wanaletwa wamefunikwa leso kutoka kichwa hadi chini, na chali lazima achague bibi yake. Akikosea, faini. Wasee wote wa simu wanarukia mbele ya chali. Wewe chuchumaa upande ya wasichana, chini, uelekeze kwa chali. Utamwona akicheki miguu, akicheki urefu, akiangalia mabeshte wamsaidie na wao wanaangalia juu. Chini ya leso moja kuna vidole vya mguu vinajikunja kila akipita, rangi ya kucha bado mpya. Huyo ndio mwenyewe, na wewe ulijua kabla yake. Shikilia. Akiinua hiyo leso una nusu sekunde ya uso mbili kwa wakati mmoja, na kwa hiyo usiwe unabadilisha lenzi. Weka shata 1/500 kwa kila kitu yenye inacheza na kuruka, 1/250 kwa wenye wanatembea, na uache kamera ijipangie ISO.

Kwa wawili wakiwa pekee yao, usiwaambie "chekeni." Msee akiambiwa acheke anaonyesha meno na macho zinakufa. Wape jobo. Ambia bwana amfunge bi harusi kiatu. Watume watembee hadi kwa ule mti na warudi, bila haraka, wakigombana juu ya nani alimtumia mwenzake ujumbe kwanza. Picha utaipata wakirudi, hatua tatu baada ya wao kufikiria umemaliza. Waambie wanyamaze dakika moja na wasiangalie popote. Hiyo siku yote hawajapata dakika ya kunyamaza, na mara nyingi hapo ndio mmoja anashusha pumzi na kichwa inaanguka begani.

Sasa kuna mtu mmoja hii fomu haimshiki: shosho. Shosho akiona kamera anasimama wima, mikono kando, mkoba mbele, uso bila tabasamu. Vijana wa picha wanachoka naye.

"Shosho, si ucheke kidogo."

"Nicheke nini, na sijaambiwa kitu?"

Mpatie haki yake. Yeye alikua wakati picha ilikuwa ya kwenda mjini, nguo ya kanisa, mara moja kwa mwaka. Kusimama wima ni heshima yake kwa hiyo picha. Ukimvizia akiwa amefungua mdomo na chapati, umepiga mtu mwingine, hujapiga shosho. Jua inashuka, mweke kiti penye nuru iko laini, acha apange leso yake, piga. Mchunguze vizuri kwa skrini: hiyo ni picha ya ukweli kuliko zote za siku hiyo.

Seydou Keïta alikuwa amejua hii. Huyo ni msee wa Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948. Alikuwa anapiga watu nje kwa ua yake, na nuru ya jua, na pazia yake ya kwanza ilikuwa shuka ya kitanda yake. Filamu ilikuwa ghali, so mteja kwa kawaida alikuwa anapata picha moja tu. Kila mtu kwa hizo picha amepanga mikono, amepanga nguo, anaangalia lenzi bila kukimbia. Hakuna hata mmoja anakaa wa kuigiza. Leo ziko kwa majumba za sanaa kubwa za dunia, na zilipigwa bila flashi ya mangiri.

Uwapeleke wapi

Arboretum ipo tangu 1907 na ina miti za kila aina, lakini Jumamosi kuna harusi mob hadi bi harusi wa wengine anatokea nyuma ya wako. Ukienda, pita geti, enda ndani mbali na ile nyasi ya mbele yenye kila mtu anapigania.

Karura ni msitu wa ukweli katikati ya jiji, na tusisahau ulikuwa unaenda kugawanywa viwanja. Wangari Maathai na mbogi yake walipigwa huko 1999 wakiutetea. Ukiwa na kamera ya harusi utalipia ruhusa, na ni haki. Uliza bei na saa ya kufunga mapema, juu geti za msitu hazingoji saa ya dhahabu iishe.

Tigoni kuna majani chai, mistari inaingia hadi macho inachoka, na ukungu ya asubuhi ni bure. Shamba ni ya mtu, so omba. Ngong Hills kuna upepo, unapeleka shela juu hadi unafikiria mmeajiri mashine, na nyuma kuna mapanga za umeme wa upepo. Nywele ya kubandika ijue hiyo mapema. Panda na askari wa KFS, wale wa huduma ya misitu.

Lakini niambie, nyinyi wawili mlipatana Arboretum? Wengi walipatana kwa steji, kwa kibanda ya chapo, kwa ngazi za ploti ya Umoja. Si mrudi hapo? Bi harusi na gauni yake akiwa amekaa kwa kiti ya mbele ya nganya yenye grafiti, dere akicheka, makanga amesimama mlangoni kwa suti ya kuazima, hiyo picha hakuna mtu mwingine ako nayo. Mtaa wote utatoka kuangalia, watoi watajaa, mama mboga atampigia bi harusi vigelegele. Hao ndio wageni wa ukweli. Kwa barabara za katikati ya jiji, shika rada na kanjo: ukiweka stendi ya kamera na taa za kusimama utaulizwa karatasi.

Kamera, simu na sheria

Kwa vyombo nitaenda mbio. Lenzi ya 50mm ya f/1.8 ndio ya bei ya chini yenye inakupa uso safi na nyuma imeyeyuka. Ya 35mm ni ya kucheza ndani ya umati, ya 85mm ni ya kuwaachia maharusi nafasi yao. Kadi mbili, betri tatu, na siku hiyo hiyo usiku unanakili kila kitu mahali pawili kabla ulale.

Kama uko na simu tu, pangusa lenzi. Nusu ya ukungu kwa picha za simu ni mafuta ya kidole. Usivute kwa vidole, tembea uende karibu. Na kama wewe ni mgeni tu, tafadhali, usisimame katikati ya njia ya kanisa na simu juu wakati bi harusi anaingia. Mtu amelipwa kwa hiyo jobo, na picha yake moja ya baba akimsindikiza mtoi wake sasa ina kiwiko yako.

Droni iko na sheria. Lazima isajiliwe na KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, na mwenye kuirusha awe na ruhusa, hata kama ni harusi ya binamu yako huko ushago.

Alafu kuna kuposti. Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na haichezi. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 juu ya kuposti picha ya mteja bila kumuuliza, na shule moja ikapigwa 4,550,000 juu ya picha za watoi bila ruhusa ya wazazi. Wewe kazi yako ni kutangaza jobo yako, sawa, lakini andika kwa mkataba nani amekubali, na kwa wale watoi wa maua uliza mathe zao kwanza.

Kwa hivyo kamati ikikaa

Najua venye mikutano za harusi huenda. Chai, ahadi za michango, mabishano ya tenti za pembe ngapi, na picha inakuja mwisho kwa mengineyo, watu washaanza kutafuta funguo za ndai. Isukumeni juu. Wali utaisha jioni hiyo hiyo, DJ ataenda na spika zake, maua zitakauka Jumatatu. Picha ndio kitu ya pekee kwa hiyo bajeti yote yenye mtakuwa nayo miaka thelathini ikipita, na kuifanya iwe poa haiongezi hata soo moja. Inataka tu mtu mmoja kwa hiyo meza aangalie saa na aseme: saa kumi na mbili kasorobo, tunawatoa hao wawili nje. Mzee wa nne ataendelea na hotuba yake wakirudi.